Mbwa Asiyejua Kiingereza

Kijana wa sinema ya Digbeth, hapa Birmingham, aliniuliza swali moja tu la maana, na mimi nikalijibu haraka haraka. Aliuliza kama mzee wetu ataudhika filamu ikionyeshwa bila yeye kusema chochote. Nilitakiwa niseme, "Hapo sikubali," au angalau, "Ngoja nikamwulize mwenyewe." Badala yake niliinyoosha tai yangu, nikamwambia hataudhika hata kidogo, tena atafurahi kupumzika. Tukapeana mikono. Mpaka leo nikipita karibu na kituo cha mabasi cha Digbeth, mkono huo naufutika mfukoni.

Mzee mwenyewe tulimwita Msimulizi. Jina analo, tena zuri, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia isipokuwa mhudumu wa daktari, naye alilitamka hivi kwamba mwenyewe hakugeuka.

Kazi hiyo ya usimulizi aliianza ujanani, kwenye gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini. Gari lilifika, shuka likatundikwa, na kwa kuwa filamu nyingine zilikuwa za kimya na nyingine za Kizungu, palihitajika mtu wa kusimama pembeni na kuwaambia watu kinachoendelea. Yeye ndiye aliyesimama. Miaka mingi baadaye, akiwa mstaafu Birmingham, aliingia duka la hisani la vitu vya mitumba kutafuta birika akaikuta kanda ya video ya filamu aliyokuwa akiisimulia zamani zile. Birika hakununua. Alikuja na kanda hiyo moja kwa moja kwangu, amevaa koti lake la kijivu, akaiweka mezani.

"Mwenyekiti," akaniambia, "nimemkuta mbwa wangu."

Nilikuwa mwenyekiti wa umoja wa Waswahili, yaani mtu wa kubeba funguo za ukumbi na lawama za wanachama. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikodi ukumbi mdogo kila Jumamosi alasiri, watu wa Unguja na Tanga, wa Mombasa na Nairobi, na Wakongo wa Lubumbashi, tukinywa chai na kulalamikia baridi. Kuanzia siku ile tukawa na filamu. Ilikuwa moja. Nasema moja, na kila Jumamosi ikawa hiyo hiyo.

Ni filamu ya kabla sinema hazijaanza kutoa sauti, iliyotolewa kwenye riwaya ya safari na hatari, na nyota wake ni mbwa. Bwana wake ni mpima ramani aliyekwenda kaskazini kwenye theluji na hakurudi. Mbwa anatoroka kwenda kumtafuta. Njiani anakamatwa na watu wabaya, anafungwa pamoja na mbwa wengine kuvuta gari la kuburuzwa kwenye barafu, anaonja kila aina ya mateso. Mwishoni anafika ukingoni mwa mto ulioanza kuyeyuka, na bwana wake yuko ng'ambo ya pili. Mbwa anasimama, anaangalia maji. Filamu inaishia hapo.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa nusura iwe ya mwisho. Bi Mwanaidi, mama wa Kiunguja ambaye hata imamu alimwogopa, aliona kichwa cha mbwa kikijaa ukutani akasimama.

"Mwenyekiti, ukumbi huu tunausalia magharibi. Umetuletea mbwa?"

Mimi nikaanza kutafuta maneno. Msimulizi hakutafuta.

"Huyu wa kwenye shuka hana mate, Bi Mkubwa," akasema. "Akikulamba, nitakuosha kwa udongo mimi mwenyewe."

Watu walicheka mpaka mama akakaa. Alikaa, akafunika miguu yake kwa mtandio kwa tahadhari, na kuanzia siku ile hakukosa hata Jumamosi moja.

Msimulizi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya filamu alikunywa chai ya tangawizi na kukataa vitumbua. "Sauti ikishiba inalala," alisema. Alisimama kushoto kwa shuka na fimbo ya kuvutia pazia la dirisha. Yale maandishi ya Kiingereza yanayotokea katikati ya picha hakuyasoma kabisa, ingawa Kiingereza alikijua kuliko wengi wetu. Nilimwuliza kwa nini.

"Yameandikwa na mtu ambaye hajawahi kuwa mbwa," akanijibu.

Kwa hiyo mbwa alisema mwenyewe, kupitia kinywa cha Msimulizi. Mbwa mkuu alisema Kiswahili cha Unguja, cha adabu, na hata akipigwa mijeledi alianza na "samahani bwana." Kiongozi wa wale wavuta gari alikuwa Mmvita wa Mombasa mwenye maneno mengi. Mwingine, aliyekuwa akisinzia kila gari liliposimama, alipewa sauti ya Nairobi, na hapo Mama Njeri, nesi kutoka Kenya, akadakia kutoka nyuma.

"Mzee, mbona huyo mvivu anaongea kama mtu wa kwetu?"

"Si mvivu, sista. Ametoka night."

Mama Njeri mwenyewe alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi ile. Alicheka akajifuta macho.

Papaa Ilunga, fundi wa magari kutoka Lubumbashi, alivumilia wiki kadhaa, kisha akainua mkono kama mwanafunzi. "Mzee, mu hii filme yote hakuna hata imbwa moja ya kwetu?"

Msimulizi aliomba msamaha hadharani kwa niaba ya watengenezaji wa filamu. Jumamosi iliyofuata, jibwa moja jeusi lenye kifua kipana, ambalo mpaka hapo lilikuwa bubu, lilifungua kinywa likasema, "Bon. Mimi nilikuwa nasikiliza tu." Papaa Ilunga alisimama akampigia makofi. Toka hapo kila mtu alikuwa na mbwa wake, na mtu akikosa kuja, mbwa wake alisemwa.

Nje ya ukumbi pia Msimulizi hakujua kunyamaza. Ukikaa naye kwenye basi alisimulia abiria. "Bibi yule amesahau miwani kichwani, sasa anaitafuta kwenye mkoba, ngoja, ngoja, anaanza kumshuku jirani yake." Aliyasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, wala hakucheka, mimi ndiye niliyekuwa nikicheka na kutazamwa. Kliniki aliwasimulia wagonjwa. Mazikoni tu ndipo aliponyamaza, na katika sehemu moja ya ile filamu, ambayo nitaisema.

Jambo la ajabu ni kwamba aliwaogopa mbwa mno. Nazungumzia mbwa hai. Mji huu una mbwa kila kona, na yeye alivuka barabara kuwakwepa hata walipokuwa wadogo kama paka. Siku moja nilimchukua tukamchukue mjukuu wangu Zuhra kwa wazazi wake Sutton Coldfield. Tuliposhuka treni, mbele yetu akatokea mbwa mfupi aliyevalishwa sweta la kufuma. Msimulizi aliingia nyuma ya mgongo wangu.

"Mzee, wewe si ndiye unayesema kwa niaba yao?"

"Nasema nao wakiwa ukutani," akanong'ona. "Huyu ana miguu. Na sweta zuri kuliko langu. Mtu kama huyo ana dharau."

Sasa nimtaje Zuhra, maana bila yeye nisingekuwa na cha kujutia. Mwanangu na mkewe walikuwa na kazi nzuri na nyumba yenye bustani mbele na nyuma, na nyumbani walizungumza Kiingereza kwa sababu ndicho kilichowatoka haraka. Mtoto alikuwa na miaka saba. Kiswahili alikisikia chote. Ukimwambia lete viatu, analeta. Ukimwuliza ameshiba, anajibu, "I'm full, Babu." Maneno yaliingia masikioni, kinywani yasitoke. Kiingereza mimi ninacho, nilikisoma sekondari na nikakitumia kiwandani miaka mingi, lakini ni cha kazi. Kinatosha kwa msimamizi na kwa daktari. Nilitaka mtoto huyu tuwe na lugha ambayo ndani yake mimi si mfanyakazi. Ndiyo maana kila Jumamosi nilipanda treni kwenda kumchukua na jioni nikamrudisha.

Msimulizi aliliona tatizo hilo siku ya kwanza, na hakunishauri lolote. Alilitia kwenye filamu.

Katikati ya picha kuna mahali mbwa amefungwa kamba kambini kwa wale watu wabaya. Wamelala. Ametafuna kamba, imekatika, yuko huru. Lakini haondoki. Anasimama, anainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza mtu, anakaa hivyo kitambo kirefu kuliko unavyotarajia, kisha anachomoka kama risasi. Msimulizi alikijua kitambo hicho kama pumzi yake. Alipofika hapo aligeukia watoto waliokaa mkekani mbele.

"Yuko huru lakini hajui. Nani atamwambia?"

Watoto wakapiga kelele, "Run! Run!"

Akaelekeza fimbo kwenye kichwa kilichoinama. "Tazameni. Hajaelewa. Huyu Kiingereza hakusoma. Mwambieni upesi, jamaa wanaamka."

Watoto wakatazamana. Nikaona mdomo wa Zuhra unafunguka na kufumbika. Halafu ikatoka, nyembamba, yenye aibu, "Kimbia."

Na mbwa akakimbia.

Sijui niseme nini kuhusu uso wa mtoto yule. Aligeuka kunitafuta nyuma kwenye viti, akanionyesha ukuta kwa kidole, kana kwamba mimi peke yangu sikuona. Kwenye treni ya kurudi aliniuliza mbwa kwa Kiswahili anaambiwaje simama, na anaambiwaje njoo, na anaambiwaje usiogope. Nikamfundisha. Wiki zilizofuata Msimulizi aliongeza maswali pengine na pengine, kila mara mahali ambapo mbwa atafanya jambo, na mbwa akawatii watoto filamu nzima. Baada ya miezi kadhaa Zuhra alinipigia simu siku ya kazi, mwenyewe, bila kutumwa. Akasema, "Babu, nimeanguka shule lakini sikulia sana." Sentensi nzima. Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata.

Nilisema palikuwa na sehemu moja aliponyamaza. Ni pale mwisho, mtoni. Mbwa aliposimama ukingoni, Msimulizi aliteremsha fimbo na kusema, "Hapa mwacheni. Anaangalia kwao." Hakuongeza neno. Ukumbi mzima wa watu waliovuka maji ulinyamaza naye, na ukisikiliza vizuri ulisikia Bi Mwanaidi akipenga kamasi.

Basi habari zikamfikia kijana wa Digbeth. Yeye na wenzake walikuwa na ghala la zamani walilolifanya ukumbi wa sinema, viti vya kila rangi, na walikuwa wameipata filamu ile ile, ikiwa safi, na mpiga piano wa kuisindikiza. Aliposikia kuna watu wanaoipenda kiasi hicho, akaja kutualika sote. Alikuwa na ndevu na adabu. Sharti lake lilikuwa moja tu: filamu ionekane kama ilivyotengenezwa, piano tu, bila mtu kusema juu yake, maana watakuwapo na wageni wengine.

Sitamlaumu. Aliiheshimu filamu. Na aliniuliza, kama nilivyosema. Lililonifanya nikubali ni aibu. Niliwaza Waingereza wamekaa kimya na mzee wetu amesimama na fimbo ya pazia akiwapa mbwa sauti ya Lubumbashi, na watoto wetu wakipayuka, na wageni wakigeuka kututazama. Nilitaka siku moja tuonekane watu wanaojua kukaa sinema. Nilitaka pia, nisifiche, kutajwa mbele za watu kama mwenyekiti.

Nilikwenda kwa Msimulizi na sahani ya kaimati, jambo ambalo lilimtia wasiwasi mara moja.

"Safari hii, mzee, utakaa kitini kama sultani," nikamwambia. "Wewe utatazama tu."

"Na mbwa atasema nini?"

"Hatasema. Filamu si ya kimya?"

Alichukua kaimati moja, akaigeuza geuza. "Filamu ya kimya, watu kimya. Sawa, Mwenyekiti." Halafu akauliza, "Watoto wameshaambiwa?"

"Nitawaambia."

"Waambie vizuri," akasema. "Wao ndio wenye kazi kubwa."

Sikumwelewa. Niliwaambia watoto, tena nikawaambia kwa ukali, kwamba leo hakuna kusema, tuko kwa watu.

Tulipendeza siku ile. Mama Njeri alivaa kofia ya kanisani. Nilitajwa, nikasimama, nikakaa. Mpiga piano alikuwa hodari, na picha ilikuwa safi hivi kwamba uliona theluji kwenye nyusi za mbwa. Nilijisikia fahari mpaka tulipofika kambini. Wabaya wakalala. Kamba ikakatika. Mbwa akainamisha kichwa. Zuhra, pembeni yangu, alijaza pumzi kifuani na kunitazama. Nikaweka kidole mdomoni. Piano nayo ilikuwa imenyamaza. Mbwa alisikiliza, akasikiliza, na hakuna mtu aliyemwambia neno.

Akakimbia vile vile.

Zuhra aliiachia pumzi polepole. Hakukasirika. Aliinama sikioni kwangu akasema kwa Kiingereza, kama mtu anayemfahamisha mzee jambo dogo, "Babu, he just goes."

Filamu ilipokwisha watu walisimama kupiga makofi, na Msimulizi alipiga pia, kofia yake ikiwa kwapani. Nje alimsifu mpiga piano. Jumamosi iliyofuata alikuja ukumbini, akanywa chai ya tangawizi, akala vitumbua vinne. Nilipompa fimbo aliirudisha dirishani.

"Wameshamwona anakwenda mwenyewe," akasema. "Nikiwauliza tena nitakuwa nawadanganya."

"Hukuwa ukiwadanganya zamani?"

"Zamani tulikuwa tunadanganyana wote. Hiyo si mbaya. Hiyo ndiyo sinema."

Tulimbembeleza. Papaa Ilunga alijitolea kusimulia yeye, na mbwa wote wakawa Wakongo, ikawa vurugu. Watoto waliacha kuja, kwanza wakubwa, kisha wadogo. Zuhra akapata masomo ya kuogelea siku za Jumamosi. Umoja ulibaki na chai na malalamiko ya baridi, na mimi na funguo.

Miaka ilipita kabla sijakwenda kumtembelea Msimulizi nikiwa na Zuhra. Mzee alikuwa amehamishiwa nyumba ya halmashauri huko Shard End, magoti yakimsumbua. Zuhra alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu, mrefu kunishinda, mwenye adabu na nyaya za muziki masikioni. Tulimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, nyuma ya uzio mfupi, na upande wa pili wa uzio amelala mbwa mzee wa jirani, mweusi, mnene, pua yake ikigusa kiatu cha Msimulizi kupitia kwenye ufa.

Nilisimama. "Mzee, huyo ana miguu."

"Anayo, lakini haitumii. Ni mgonjwa wa magoti kama mimi." Akamgeukia mbwa. "Inuka uwasalimu wageni."

Mbwa akainuka.

"Kaa."

Mbwa akakaa.

"Mwenye mbwa anamsemesha Kiingereza siku nzima," Msimulizi akasema, "naye hamsikii. Mimi nilianza mchezo tu, kwa woga. Sasa kama unavyoona, ni Mswahili."

Zuhra alitoa nyaya masikioni. Alikuwa anacheka, kicheko kile cha mkekani, na kwa kitambo nikadhani mambo yatarudi. Akauliza kwa Kiingereza kama mbwa anajua kukimbia.

Msimulizi alinitazama mimi. Kiingereza alikielewa vizuri. "Anasema nini mtoto?"

Alikuwa anamfungulia mlango ule ule, namna ile ile. Zuhra alijua. Uso ulimwiva. Mdomo ulifunguka, ukafumbika, nikalisubiri lile neno. Akatazama chini, akaniambia kimya kimya, "You tell him, Babu."

Nikamwambia mimi. Kisha nikampelekea Zuhra jibu la mzee kwa Kiingereza, na swali la Zuhra kwa mzee kwa Kiswahili, alasiri nzima, nikiwa nimesimama kati yao kama niliyeshika fimbo. Sikufanya vizuri. Mzee alisema vichekesho na vilipofika upande wa pili vilikuwa vimekufa. Tulipoaga, alinishika mkono akasema, "Kazi ngumu, eh, Mwenyekiti?" Alisema bila kinyongo. Ningependa awe na kinyongo.

Kwenye basi la kurudi mjini Zuhra alianza kunieleza jambo. Lilimhusu rafiki yake, na kitu alichoambiwa mbele ya wenzake, na sauti yake ikaanza kukatika. Maneno karibu yote niliyaelewa. Nilikuwa nayo ya kumjibu, mengi, yale niliyoambiwa na bibi yangu nilipokuwa nalia mimi, lakini hayo ninayo kwa Kiswahili tu, na nilipoyatafuta kwa Kiingereza nilipata maneno ya kiwandani. Nikainamisha kichwa upande, nikasikiliza, nikasikiliza. Alinisubiri kidogo. Kisha akarudisha nyaya zake masikioni.

Huenda lugha angeiacha hata hivyo. Watoto wengi huiacha. Lakini alikuwa nayo, mimi niliiona mdomoni mwake, na mimi ndiye niliyeweka kidole. Nilikubali mzee anyamazishwe siku moja, na kwa siku hiyo moja nilimpoteza mjukuu ambaye ningeweza kumfariji.